Maswali ya Wasomaji: Uchezaji kwanza au hadithi kwanza?

SWALI: Ndugu wahariri, habari za kazi. Sisi ni kikundi cha wanafunzi hapa Nyegezi, Mwanza, tunaandika makala za gemu kwenye wiki ya Kiswahili. Kila mmoja anapanga sehemu anavyojua: huyu anaanza na hadithi, yule na uchezaji, mwingine anaweka tarehe za kutolewa juu kabisa. Tufuate mpangilio gani, na tufikie vipi makubaliano bila kugombana? (Wanakikundi, Nyegezi)

JIBU: Chukueni huu: utangulizi usio na kichwa, kisha Uchezaji, Hadithi, Utengenezaji, Kutolewa, Mapokezi na Matoleo yaliyofuata. Mkiani zikae Tazama pia, Marejeo na Viungo vya nje. Unakaribiana na ule wa Wikipedia ya Kiingereza, kwa hiyo anayetafsiri hana haja ya kupangua aya zote. Lakini hiyo ni faida ndogo tu. Sababu kubwa ni kwamba hadithi ya gemu haisogei yenyewe, inasogezwa na mchezaji. Tuseme mnaandika juu ya Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004. Mkianza moja kwa moja na Carl Johnson anayerudi Los Santos baada ya kifo cha mama yake, msomaji asiyewahi kuicheza atadhani anasoma muhtasari wa filamu. Akishajua kwamba mchezaji anazurura mjini apendavyo, anaendesha magari, na kwamba hadithi inasonga kila anapomaliza misheni, aya ya hadithi itamwingia bila shida, nanyi mtaweza kuifupisha.

Kuhusu makubaliano, msikimbilie kura. Kwanza jaribuni mpangilio kwenye gemu nne zisizofanana, mkiandika vichwa tu bila maelezo: Tetris, isiyo na hadithi, San Andreas, yenye hadithi ndefu, Minecraft, inayoendelea kuongezewa vitu, na EA Sports FC 24, iliyo sehemu ya mfululizo wa kila mwaka. Mtakapokwama ndipo penye hoja ya kweli ya kujadili.

Minecraft itawakwamisha mapema. Watu walianza kuicheza mwaka 2009 ikiwa bado inatengenezwa, na toleo kamili likatoka Novemba 2011. Mkitenga Utengenezaji na Kutolewa, mtajikuta mnasimulia miaka ileile mara mbili. Hapo kanuni iseme: gemu iliyouzwa kabla haijakamilika itakuwa na kichwa kimoja, Utengenezaji na kutolewa. EA Sports FC 24 nayo italeta suala lingine, maana ndiyo ya kwanza baada ya kampuni ya EA kuachana na jina la FIFA mwaka 2023. Habari za kubadili jina zielezwe kwa kirefu kwenye makala ya mfululizo; kwenye makala ya kila toleo sentensi moja na kiungo vinatosha. Bila kanuni hiyo, aya ileile itanakiliwa kila mwaka, na siku ikihitaji kusahihishwa atasahihisha mtu ukurasa mmoja na kuziacha nyingine na kosa.

Pendekezo liwekeni kwenye ukurasa wa majadiliano likae wiki mbili, kwa sababu wapo wanaoingia mtandaoni wikiendi tu, bando likiwepo. Mkishaelewana, liandikwe kwenye ukurasa wa mwongozo pamoja na kiunzi cha kunakili chenye vichwa vyote. Anayetaka kwenda kinyume kwa makala fulani, mathalani hadithi itangulie, aeleze sababu kwenye majadiliano ya makala hiyo kabla ya kugusa kitu. Tunashauri mlango huo uwe mwembamba. Wengi wanaoomba hadithi itangulie wanaomba hivyo kwa kuwa hadithi ndiyo wanayoipenda.

SWALI: Nilipanga upya sehemu za makala za zamani, mwenzangu akarudisha zote akasema nimeziharibu. Nahariri kwa simu. Nilikosea wapi? (Msomaji, Nansio, Ukerewe)

JIBU: Huenda ulihamisha na kurekebisha maneno kwa mpigo mmoja. Ukifanya hivyo, anayelinganisha makala ya kabla na ya baada anaona aya nzima imefutwa na nyingine kuandikwa, hata kama ulibadili neno moja tu. Hawezi kujua kama umeondoa chanzo au umegeuza tarehe, basi anarudisha yote. Hamisha kwanza, andika kwenye muhtasari wa kuhariri "nimehamisha sehemu tu, maneno hayajaguswa", hifadhi, kisha ndipo urekebishe maneno.

Simu ina shida yake. Ukibonyeza kalamu iliyo kando ya kichwa, inafunguka sehemu hiyo peke yake, hivyo kuihamisha kunakulazimu uifute hapa, uhifadhi, kisha uibandike kule. Mtandao ukikatika katikati, makala inabaki pungufu mbele ya wasomaji. Teremka chini kabisa ya ukurasa, chagua mwonekano wa kompyuta, ufungue maandishi ya kuhariri ya makala nzima, ukate na kubandika humohumo.

Baada ya kuhamisha, isome makala kuanzia juu. Tafuta "kama tulivyoeleza hapo juu" ambayo sasa inaelekeza chini. Tafuta jina la mhusika au kifupisho kilichofafanuliwa katika sehemu ambayo sasa imekuwa ya pili. Ufafanuzi uhamie mahali kinapotajwa mara ya kwanza. Vyanzo vilivyopewa jina, yaani vinavyoandikwa kamili mara moja kisha kwingine vikaitwa kwa jina tu, havidhuriki kwa kuhamishwa. Vinadhurika ukifuta mahali palipobeba maelezo kamili ya chanzo, na hapo maandishi mekundu ya kosa yatatokea kwenye orodha ya marejeo.

Ukibadili jina la kichwa ni hatari zaidi, kwa kuwa kosa lake halionekani. Kiungo kutoka makala nyingine kinachoishia na #Mapokezi hakitageuka chekundu, rangi ya kiungo cha ukurasa usiokuwepo, ukikiita kichwa hicho "Maoni ya wachambuzi". Kitamfungulia msomaji juu ya ukurasa, naye ahangaike kutafuta. Hata herufi kubwa na ndogo zinahesabika: #mapokezi na #Mapokezi ni vitu viwili. Ndiyo maana majina ya vichwa yakubaliwe siku moja na mpangilio.

SWALI: Tetris haina hadithi. Niweke kichwa kitupu ili mpangilio usivunjike? Pia nataka sehemu ya vibanda vya gemu vya huku kwetu, ikae wapi? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Kichwa kitupu usiweke kamwe. Mpangilio unasema nini kitangulie nini, haulazimishi kila sehemu iwepo. Kwenye Tetris nafasi hiyo waipate Utengenezaji na Kutolewa, kwa kuwa ndiko kwenye mambo mengi: Alexey Pajitnov aliibuni Moscow mwaka 1984, haki za kuiuza zikagombaniwa na kampuni kadhaa, na mwaka 1989 Nintendo ikaiuza pamoja na Game Boy.

Habari za vibanda zikae ndani ya Mapokezi, chini ya kichwa kidogo chenye alama tatu za usawa kila upande, kwa kuwa vichwa vikuu vina mbili. Usiruke hadi nne, maana programu zinazowasomea wasioona hufuata ngazi hizo. Ila andika tu yaliyochapishwa gazetini, kitabuni au katika utafiti. Unachokiona mwenyewe Igoma, hata kiwe kweli tupu, msomaji wa Bukoba hana njia ya kukihakiki, na mhariri mwingine atakuwa na haki ya kukiondoa.