Artemia kwa vifaranga vya kambale: angalia saa na usafi

Ndugu, umeuliza kama mayai ya artemia, mdudu mdogo wa maji ya chumvi wa jamii ya kamba, yanaangulika kwa chumvi ya dukani, na kwa nini vifaranga wako wa kambale wanakufa ilhali unawalisha artemia kila siku. Mimi naangulisha kambale, na kabla ya hapo nilifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, ambako mdudu huyu alipandikizwa miaka ya 1980.

Chumvi ya mawe inatosha, gramu 25 hadi 30 kwa lita. Maji ya bomba yalaze usiku kucha klorini itoke. Pampu ya hewa isizimwe, joto liwe nyuzi 28, taa iwake. Kesho yake saa kama hizo wameshatoka.

Kazi iko kwenye kuvuna. Mtoto wa artemia ana urefu wa nusu milimita hivi, na ile rangi ya chungwa ni akiba aliyotoka nayo kwenye yai. Mwanzoni hali kitu. Muda wa saa nane hivi tangu aanguliwe hujivua gamba, na akiba inazidi kupungua. Ukiona wanapauka, umechelewa. Kambale anapata chakula kilichoisha nguvu.

Zima pampu, funika juu ya chupa ya kuangulishia kwa kitambaa cheusi, mulika tochi chini. Artemia watafuata mwanga, maganda yataelea. Baada ya dakika kumi wanyonye kwa mpira mwembamba, uchuje na kusuuza kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Maganda usiyaache yapite, yanaweza kuziba utumbo wa kifaranga.

Vifo vyako, nadhani vinatokana na kulisha kwa wingi mara moja. Artemia hana mwiba wala gamba gumu, anaogelea chali miguu juu. Kinga yake ni chumvi kali ambayo samaki hawaiwezi. Kule Gongoni tuliwakuta kwenye madimbwi ya chumvi kali tu, si yale ya mwanzo yanayopokea maji ya bahari, yenye samaki. Ndani ya tangi lako la maji baridi anaishi saa chache, anakufa, anaoza chini. Hapo maji yanachafuka na vifaranga wanaondoka naye. Lisha kidogo kidogo kila saa tatu au nne, usiku pia, na nyonya mabaki kwanza.

Unawalisha mara ngapi kwa siku? Weka na picha ya chini ya tangi tuone.