Kantangaze na nyanya zako

Ndugu uliyeuliza kwa nini majani ya nyanya yana mabaka meupe ilhali umepiga dawa tena na tena: huyo ni kantangaze, Tuta absoluta. Ni nondo, mdudu kama kipepeo mdogo, wa kijivu, hafiki sentimita moja. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Tanzania aligundulika mwaka 2014.

Dawa nyingi hazimpati kwa sababu ya anakoishi. Yai likishaanguliwa, kiwavi hutoboa jani, akaingia katikati na kula nyama yake, akiacha ngozi ya juu na ya chini tu. Chuma jani lenye baka uliangalie kwenye jua: utamwona ndani, kijani mpauko, ana utepe mweusi nyuma ya kichwa, na kinyesi cheusi kimerundikana pembeni. Wengine huingia kwenye tunda karibu na kikonyo. Wakishakua, wengi hushuka udongoni kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kugeuka nondo. Kwenye joto mzunguko wote ni kama mwezi mmoja, na jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260.

Nondo wenyewe hujificha mchana, huruka jioni na alfajiri. Weka mtego wenye harufu ya jike. Utanasa madume na kujua mapema wameingia. Majani na matunda yaliyoliwa usiyaache shambani, yafukie chini sana. Ng'oa na mnavu wa kando, huzaliana humo pia. Ukipiga dawa, badilisha kiambato chenyewe, yaani kemikali inayoua, si jina la chupa tu.