Je, wiki ya saa 40 ilikuwa hisani ya Roosevelt?
Ndugu, umeuliza kama wiki ya kazi ya saa 40 nchini Marekani ilikuwa hisani ya Rais Franklin Roosevelt. Saini kwenye sheria ni yake, ila madai yalimtangulia: Mei 1886 wafanyakazi wa Chicago walikwisha kugoma wakitaka saa 8 kwa siku. Mwaka 1911 moto katika kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, uliua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, huku mlango mmoja wa ghorofa ya 9 ukiwa umefungwa kwa ufunguo. Frances Perkins, aliyeushuhudia, alikuja kuwa Waziri wa Kazi na kuisukuma sheria hiyo ya saa 40, ya 1938, ambayo, nasikitika kusema, iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani.