Mama alipinda mdomo kisha akapona: je, tuliache?

SWALI: Daktari, salaam aleikum. Juzi mama yangu, mwenye umri wa miaka 62, alikuwa akinywa kahawa barazani baada ya swala ya alfajiri, mara kikombe kikamponyoka mkono wa kulia, mdomo ukapinda na maneno yake yakawa hayaeleweki. Baada ya kama robo saa, kabla hatujapata gari, alirejea katika hali yake na akakataa kwenda hospitali. Jirani mmoja anasema amepitiwa na upepo mbaya, na mwingine ametushauri tumpe aspirini. Mama ana presha, ila dawa zake huzimeza anapoumwa na kichwa tu. Je, tuliache jambo hili?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Msiliache, na ikiwa mnasoma jibu hili kabla mama hajaonwa na daktari, mpelekeni leo hii. Dalili ulizozieleza ni za kiharusi cha muda mfupi, yaani mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo uliziba, kisha donge la damu lililouziba likayeyuka au likasogea kabla ya sehemu ile ya ubongo kufa. Mkono wa kulia kulegea pamoja na maneno kupotea huelekeza kwenye upande wa kushoto wa ubongo, ambao kwa watu wengi ndio wenye kazi ya lugha. Aliyepatwa na hali hii yumo hatarini kupata kiharusi kamili, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi katika siku chache za mwanzo.

Kuhusu upepo, sina ugomvi na jirani yenu: mama akitaka kusomewa, asomewe, lakini asomewe akiwa garini. Ila dalili zikirudi, asinyweshwe makombe, wala chai, wala uji, kwa sababu koo lililolegea huweza kupitisha kinywaji mapafuni.

Aspirini nayo isubiri. Takriban viharusi 85 katika kila 100 hutokana na mshipa kuziba, lakini vilivyobaki hutokana na mshipa kupasuka, na mtu akimtazama mgonjwa kwa macho hawezi kuvitofautisha; picha ya kichwa kwa mashine ya CT ndiyo huamua. Dawa inayomfaa wa kwanza humzidishia wa pili kuvuja damu. Baada ya vipimo, huenda daktari mwenyewe akamwandikia aspirini hiyo hiyo.

Hali hiyo ikijirudia, msikae kungoja ipite kama safari ile. Ipo sindano ya kuyeyusha donge la damu, nayo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Akiamka amepooza, saa huhesabiwa tangu alipokwenda kulala. Mshipa mkubwa ukiziba, madaktari huweza kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye kinena hadi kichwani na kulivuta donge, kwa baadhi ya wagonjwa hata ndani ya saa 24. Si kila hospitali ina mashine na wataalamu hao, kwa hiyo ulizeni sasa, mama akiwa mzima, ni ipi iliyo navyo, na mkumbuke kuwa foleni ya daraja la Nyali asubuhi haimjui mgonjwa.

Linalonisikitisha zaidi katika barua yako ni zile dawa. Presha aghalabu haiumi kichwa wala popote; huichakaza mishipa kimya kimya kwa miaka, na anayeimeza dawa kwa kufuata maumivu ni kama hajaimeza. Mama atahitaji kuzitumia kila siku, apimwe sukari na lehemu, yaani mafuta yaliyomo katika damu, apigwe picha ya mishipa ya shingo, na apimwe umeme wa moyo, kwa kuwa moyo unaopiga bila mpangilio hutengeneza madonge ya damu, na hapo dawa yake ni nyingine, si aspirini. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, kiasi cha kijiko kidogo cha chai, ikiwa ni pamoja na iliyomo katika ng'onda na achari.

Mkienda, chukueni dawa zake zote katika mfuko mmoja, hata zile alizoacha, na mweleze daktari saa ile kikombe kilipomponyoka.