Gauni Halijaandama

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu zako nimezipata. Umeniuliza kwamba, kwa kuwa wakwe zako huko Tanga hufungua mwezi ukionekana popote duniani, nasi huku Bagamoyo tumekulea kungoja tangazo la Mufti, mwaka huu ufungue na nani. Ukaongeza, kwa kejeli uliyoirithi kwangu, kwamba unaniuliza mimi kwa sababu sina imani ya kunivuta upande wowote. Imani ninayo, mwanangu. Ninachokosa ni ile yakini ya shemeji zako. Tena nimekwambia tangu ukiwa mdogo: swali halitengui udhu.

Unaukumbuka mwaka wa gauni la manjano? Wewe hulisimulia kama kichekesho, lakini mimi bado linanichoma. Nilikuwa nafundisha hesabu, nikapata katika kitabu jedwali la kuzaliwa kwa mwezi, yaani saa mwezi mpya unapoanza, kabla jicho halijaweza kuuona, nikatangaza barazani, mbele ya wazee walioanza kufunga kabla sijazaliwa, kwamba jioni ile mwezi hauonekani, na atakayeuona ameona njozi. Hoja yangu ilikuwa nzuri: hilali, yaani ule mwezi mchanga mwembamba, ambayo haijatimiza kiasi cha saa 15 tangu kuzaliwa ni nadra mno kuonekana kwa jicho tupu, na ile, kwa hesabu yangu, ingekuwa na saa 11 na nusu tu jua likizama. Mama yako aliponiomba nipite kwa fundi nichukue nguo zenu, nikamjibu kwamba kuna kesho nzima.

Jioni watu wakateremka ufukweni, jambo ambalo hunichekesha hadi leo, maana bahari yetu iko mashariki na mwezi mwandamo hutafutwa magharibi, hivyo mji mzima husimama mchangani ukiipa bahari mgongo na kuikodolea macho minazi. Bibi yako, na mtoto wake wa jicho, akanyoosha kidole: "Ule pale." Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba hiyo ni ncha ya kuti. Saa mbili na nusu redio ikatangaza kuwa mwezi umeandama, na fundi alikwisha kufunga kibanda akaenda kwao kusherehekea. Asubuhi ukavaa sketi ya shule, na kila aliyekuuliza ulimjibu bila kucheka: "Gauni langu halijaandama."

Kosa nililigundua siku ya tatu. Jedwali lilisema 1:00, yaani saa saba za usiku kwetu. Mimi, niliyekua nikihesabu saa kwa kuchomoza kwa jua, nikaisoma saa moja ya asubuhi. Saa 6 nzima nikazimeza. Hilali ilikuwa na saa 17 na nusu, mtu mzima kabisa. Kwa hiyo hesabu haikukosea, alikosea mhesabuji, na hilo nimelisema mara nyingi hata mama yako hutoka chumbani nikilianza. Kuhusu bibi yako, Mungu amrehemu, siwezi kukudanganya: mwezi ulikuwepo, lakini hadi leo naamini alichokinyooshea kidole ni kuti.

Basi utasema tuhesabu vizuri, tuache kuchungulia minazi. Toka kuzaliwa kwa mwezi hadi kuzaliwa kwa mwingine ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44, na wanafalaki huyajua hayo miaka mingi kabla. Nami ndivyo ningesema, isipokuwa Hadithi inasema "Fungeni kwa kuuona, na fungueni kwa kuuona," na sijaona palipoandikwa "kwa kuukokotoa." Tena usiku ule wa kungoja, bizari ya pilau ikitwangwa na hakuna ajuaye kama itapikiwa kesho au keshokutwa, naupenda kuliko Idd yenyewe. Najua, hayo ni mapenzi, si hoja. Swali halitengui udhu, na jibu la namna hiyo nalo halitoshi.

Ila uwaulize wakwe zako jambo moja, kwa adabu. Wakiangalia Saudia, Makka iko karibu katika longitudo moja na Bagamoyo, na saa zao ndizo zetu. Hilali inayotafutwa kule jioni haipishani sana kwa umri na hii tunayoitafuta hapa. Kwa hiyo ugomvi huu kwa sehemu kubwa si wa mbinguni. Ni wa jicho la nani linaaminiwa. Nami jioni ile nililikataa jicho la mama yangu mbele za watu, kisha nikatoka nikiwa nimekosea kuhusu mwezi na pengine nimepata kuhusu jicho, na sijui ni lipi kati ya hayo linaloniudhi zaidi.

Sasa, ufungue na nani? Jibu ninalo, na ulimi unaniwasha, lakini mama yako amesimama nyuma ya kiti changu na amenikataza kuliandika. Serikali yenyewe imetoa siku mbili za mapumziko kwa Idd el Fitri, ikanyamaza. Ukija huku kwa siku ya pili tutakuwekea pilau. Nguo za watoto zichukue kwa fundi mapema.

Baba yako.