Benchi la gereji kwa mbao za kuokoteza: shida si uzito, shida ni kutikisika

Mkuu, umesema una paleti sita zilizotupwa, mlango mmoja wa zamani na vipande vya mbao za mbili kwa nne vilivyobaki kwenye ujenzi. Unataka kutengeneza benchi la kazi gerejini bila kununua mbao mpya, kisha ulifungie jiliwa la inchi tano, yaani kile kibanio cha chuma cha kushikilia kazi. Umeuliza kama paleti zitatosha, kama mlango utafaa kuwa uso wa benchi, na kama jiliwa halitakuja kuling'oa. Nimeshatengeneza mabenchi manne ya namna hiyo, mawili yangu na mawili ya jamaa zangu. La kwanza nililibomoa mwenyewe baada ya miezi mitatu, na kwa ulivyoeleza mpango wako naona unaelekea palepale nilipoelekea mimi. Ndiyo maana najibu kirefu.

Benchi lile la kwanza nililitengeneza kwa paleti tupu. Vibao nilivipiga randa na msasa mpaka vikang'aa, nikaweka miguu minne, nikaizungushia mbao juu, nikakaza skrubu kila kona. Nilipanda juu yake nikarukaruka, halikulia hata kidogo. Nikaamini kazi imekwisha. Siku niliyofunga jiliwa na kuanza kupiga tupa kipande cha chuma, benchi zima likaanza kwenda na mkono. Nikisukuma linakwenda, nikirudisha mkono linarudi. Niliongeza skrubu, likatulia wiki moja, halafu matundu yakapanuka na mtikisiko ukarudi mkubwa zaidi ya ule wa mwanzo.

Uzito unashuka wima, na mbao iliyosimama wima inabeba mzigo mkubwa sana hata ikiwa nyembamba. Hapo karibu kila benchi linafaulu. Lakini kazi za gerejini nyingi zinasukuma kwa ubavu: tupa, randa, msumeno, kukaza na kulegeza nati ngumu. Chukua kasha la kiberiti, toa droo yake ya ndani, kisha sukuma kasha kwa kidole upande mmoja: linalala. Fremu ya miguu minne iliyofungwa kwa skrubu za pembeni ni kasha hilo hilo. Skrubu moja au mbili kwenye kona hazizuii kona kugeuka, zinageuka nayo. Pembetatu ndiyo haigeuki, maana haiwezi kubadili umbo mpaka upande wake mmoja uvunjike au ung'oke.

Kwa hiyo kabla hujafikiria uso wa benchi, fikiria mgongo na mbavu zake. Mgongoni kuna njia mbili. Ya kwanza ni mbao mbili za mshazari, kila moja ikitoka chini ya mguu mmoja kupanda juu kuelekea mguu wa pili. Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kufunika mgongo wote kwa ubao mpana: plaiwudi kuukuu ya milimita 9 au 12, au hata ubavu wa kabati la nguo lililovunjika. Chipbodi ya kabati haishiki skrubu vizuri ikipigwa kwenye ukingo, lakini ukiilaza kwenye fremu ukapiga skrubu zenye washa (vile visahani vya chuma vyenye tundu) kupitia usoni mwake, kila sentimita 15 kuzunguka pande zote, inashika barabara. Ubao mmoja mpana unazuia kona zote nne kwa pamoja. Pande mbili za kushoto na kulia nazo zinahitaji hivyo hivyo, ila vipande vidogo vya pembetatu kwenye kona vinatosha. Benchi langu la pili lilikuwa na mbao mbovu kuliko la kwanza, tena nyingine zikiwa na mabaka ya saruji, na halijatikisika mpaka leo.

Sasa paleti zako. Tafuta muhuri ubavuni. Paleti zinazovuka mipaka ya nchi hupigwa muhuri wa suke la ngano pamoja na herufi za nchi na za dawa. HT maana yake mbao ilipashwa joto tu, hadi nyuzi 56 katikati ya mbao kwa angalau dakika 30. Hiyo chukua. MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi. Hiyo mimi siiingizi nyumbani. Isiyo na muhuri wowote huenda ilitumika ndani ya nchi tu, basi iangalie kwa pua na macho: yenye doa la mafuta au kemikali, au harufu usiyoitambua, iache ilipo. Huwezi kujua kilichomwagikia juu yake, nawe utaipiga randa na kuvuta vumbi lake.

Usizibomoe kwa mtaimbo. Misumari ya paleti mingi ina mikato ya duara au imesokotwa makusudi isitoke, na ukilazimisha, kinachopasuka ni kibao. Ingiza ubapa wa msumeno wa chuma kati ya kibao na mhimili, ukate msumari hapo katikati. Kazi inachosha mkono lakini vibao vinatoka vizima. Vichwa vya misumari vinabaki ndani ya kibao na vipande vingine ndani ya mhimili, kwa hiyo pitisha sumaku polepole juu ya kila mbao kabla ya kugusa randa. Mimi natumia sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Nilianza kuitumia baada ya msumari mmoja kuumega ulimi wa randa yangu.

Kwenye paleti, mali ni ile mihimili mitatu ya chini inayobeba vibao. Vibao vyenyewe vifanye rafu. Angalia tu kama mihimili yako imekatwa mapengo ya kuingiza uma wa mashine ya kunyanyulia. Mguu wa benchi usiwe na pengo hilo, kwa sababu mbao hupasukia hapo. Kama paleti zako ni za aina ya pili, ile yenye vitofali tisa vya mbao badala ya mihimili mirefu, basi hazina miguu ya kukupa. Zitumie kwa rafu tu, miguu itoke kwenye mbili kwa nne.

Na kagua wadudu. Matundu madogo peke yake si tatizo, yanaweza kuwa ya zamani. Gonga mbao juu ya karatasi nyeupe: ukiona unga laini mpya unadondoka, wadudu wangali ndani, usiiingize gerejini hata kwa siku moja.

Mlango ugonge kwa kifundo cha kidole katikati. Ukisikia mlio wa ngoma, ndani kuna karatasi ngumu yenye vyumba kama masega ya nyuki, na hauwezi kubeba jiliwa hata kidogo. Bolti zitabonyeza uso mpaka uingie ndani. Ukisikia mlio mzito uliokufa, na kuunyanyua kunahitaji watu wawili, umepata uso mzuri sana. Mlango uliojaa na ulio bapa pande zote ni wa thamani kuliko paleti zote sita. Wa paneli, wenye mabonde, utahitaji kuufunika.

Jambo moja nakusihi ulichukulie kwa uzito: rangi ya mlango wa zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiipige msasa mkavu, hasa kama kuna watoto wanaopita gerejini. Mimi nilichofanya ni kugeuza upande uliokuwa na rangi nyingi uwe chini, nikapaka koti moja la rangi mpya kuziba ile ya zamani, na juu nikafunika kwa hadibodi.

Hadibodi hiyo usiigundishe. Ikaze kwa skrubu chache zilizozamishwa vichwa, ili ikishakatwakatwa na kulowa mafuta uigeuze upande wa pili, kisha siku nyingine uibadilishe. Uso wa benchi unatakiwa uumie, kwa hiyo weka juu kitu ambacho hutaona uchungu kukiumiza.

Ikiwa mlango wako ni wa mlio wa ngoma, basi hapo tu ningekuambia utoe pesa. Plaiwudi moja ya milimita 18 ina upana wa milimita 1220 na urefu wa 2440. Iombe ipasuliwe katikati kwa urefu, upate vipande viwili vya upana wa takriban sentimita 61. Vilaze kimoja juu ya kingine, gundi katikati, skrubu kutokea chini: una uso wa milimita 36, wenye kina kinachotosha, na hakuna kilichobaki kutupwa. Kina cha sentimita 60 kwa benchi la ukutani kinatosha kabisa. Zaidi ya 70 mkono haufiki ukutani bila kuinama.

Miguu. Hapa watu wengi wanaikalisha mbao ya juu kwenye skrubu peke yake, yaani mbao imebandikwa ubavuni mwa mguu na skrubu ndiyo inayoizuia isishuke. Fanya hivi badala yake: kila mguu uwe wa vipande viwili vilivyobanwa pamoja, cha nje kirefu na cha ndani kifupi, na mbao ya juu ikae juu ya kile kifupi kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Mzigo unapita mbao kwa mbao mpaka sakafuni, na skrubu kazi yake inabaki kushikilia tu. Rafu ya chini ifanye vivyo hivyo. Kisha ipakie kitu kizito, diski za breki zilizokwisha au gunia la mchanga, benchi lisitembee sakafuni.

Gundi ya mbao haishiki kwenye uso mkongwe uliokauka na kuchafuka. Pitisha randa mpaka uone rangi mpya ya mbao, ndipo upake. Skrubu usitumie zile nyeusi nyembamba za jipsamu. Ni ngumu lakini zinakatika vichwa zikisukumwa kwa ubavu. Toboa kwanza tundu dogo kuliko skrubu, maana mbao kavu ya zamani inapasuka kwa urahisi. Kama kuna pa kutumia pesa katika kazi hii yote, ni kwenye skrubu, bolti na washa.

Kabla ya kukaza mara ya mwisho, pima ulalo mmoja wa fremu, kisha wa pili. Vikilingana, fremu iko sawa. Fremu ya sentimita 60 kwa 160 inakupa karibu 171 kila ulalo. Mbao za kuokoteza mara nyingi zimejipinda, na macho hayaoni hilo mpaka uchelewe.

Kimo cha benchi hakina namba moja ya watu wote. Kwa kazi za mchanganyiko, simama wima, acha mkono uning'inie, pima toka sakafuni hadi kifundo cha mkono kinapokutana na kiganja. Langu lina sentimita 88. Anayepiga randa sana ashushe kidogo ili mwili usaidie mikono. Lakini jiliwa lina hesabu yake: meno yake ya juu yawe usawa wa kiwiko chako unapokunja mkono kupiga tupa. Benchi la jamaa yangu mmoja lilikuwa la chini mno, akawa anaumwa mgongo kila Jumamosi ya kazi. Tuliweka kipande cha mhimili chini ya jiliwa, tukalinyanyua sentimita 7, na mgongo ukapona bila kugusa benchi lenyewe.

Jiliwa lako la inchi tano lifunge juu ya mguu, au karibu kabisa na mguu. Usilifunge katikati ya benchi ambako uso unacheza. Tumia bolti zinazopita hadi chini, M10 au M12 (unene wa milimita 10 au 12) kadiri ya matundu ya jiliwa, na chini weka washa pana au kipande cha bamba la chuma. Skrubu za mbao hapo hazitadumu. Taya lake lisilotembea litokeze mbele ya ukingo wa benchi kidogo, ili uweze kubana kitu kirefu kilichosimama bila kugonga mbao. Ukingo wa uso nao utokeze sentimita 5 hivi mbele ya fremu, klampu zipate pa kuuma.

Mwisho ni sakafu. Sakafu za gereji nyingi zina mteremko kuelekea mlangoni ili maji yatoke, kwa hiyo miguu minne iliyo sawa kabisa italiacha benchi limeinama. Toboa chini ya kila mguu, zamisha nati, ingiza bolti ya M12 kichwa kikiwa chini, na utakuwa unapandisha na kushusha kwa spana mpaka pima maji itulie. Bolti hizo pia zinainua mbao kutoka kwenye zege, maana mbao hunyonya unyevu kwa upande uliokatwa, na miguu huozea hapo kwanza. Chini ya vichwa vya bolti weka vipande vya tairi.

Ukipaka uso mafuta ya kitani, vitambaa ulivyotumia usivikunje ukavitupa kwenye pipa. Vinajipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila mtu kuvigusa. Vitandaze nje mmoja mmoja mpaka vikauke vikakamae.

Gonga huo mlango kwanza. Kisha vunja paleti moja tu, uone ni za mihimili au za vitofali, na uniandikie mihimili imetoka na urefu gani na mbili kwa nne zako zina urefu gani. Nitakupa vipimo vya kukata kwa kila kipande.