Kabla ya Kubadilisha Umbo la Bara Lako, Chora Upepo

Wiki iliyopita niliandikiwa na msomaji, mwandishi chipukizi wa riwaya, ambaye amelibuni bara lake mwenyewe, akalipangia falme, mito na mazao, na sasa hadithi inamlazimu kuiziba ghuba kubwa iliyo kusini mwa bara hilo ili majeshi yake yapate njia ya nchi kavu. Aliniuliza iwapo, akishaiziba, kuna kingine anachopaswa kubadilisha. Nililisoma swali lake mara tatu, kwa sababu mimi niliiziba ghuba kama hiyo bila kumuuliza mtu yeyote, na kosa hilo bado linaniuma.

Bara langu lilianzia karibu na nyuzi 28 kaskazini mwa ikweta na kuishia nyuzi 60. Upande wa magharibi palikuwa na safu ya milima mirefu iliyonyooka kutoka kaskazini hadi kusini. Kusini bahari ilikuwa imeingia ndani ya nchi na kufanya ghuba pana. Na nyuma ya ghuba hiyo zilitandaa tambarare za ngano zilizopitiwa na mto mkubwa. Nilipohitaji falme mbili zipakane, niliijaza ghuba kwa nchi kavu jioni moja tu, kisha nikaendelea kuandika, huku ngano na mto vikibaki palepale vilipokuwa. Miaka miwili baadaye, katika mkutano wa waandishi, mtu mmoja aliyewahi kufundisha jiografia alisimama mbele ya ramani yangu na kuuliza mvua ya tambarare zile inatoka wapi. Sikuwa na jibu. Swali lenyewe lilikuwa la haki, na sikulikasirikia hata siku ile. Kilichonichoma ni wenzangu, ambao walikuwa wameusoma mswada wangu kwa miaka yote miwili na kuisifu ramani hiyohiyo, kisha wakatikisa vichwa kana kwamba kasoro ile waliijua tangu mwanzo.

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na jibu nililipata Amerika ya Kaskazini. Huko pia milima ya magharibi huizuia sehemu kubwa ya unyevu wa Bahari ya Pasifiki, na nchi zilizo mashariki yake zingekuwa kame mno kama kusini kusingekuwa na Ghuba ya Meksiko. Wakati wa kiangazi nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa yenye mvuke kutoka ghubani huingia bara na kunyesha katika bonde la Mississippi. Ukiijaza ghuba hiyo kwa ardhi, unauondoa mvuke unaozinywesha tambarare. Baridi nayo inazidi, kwa kuwa bahari huhifadhi joto la kiangazi na kulitoa polepole, ilhali ardhi hulipoteza mara moja. Mji wa Verkhoyansk ulioko Siberia na mji wa Bodø ulioko Norwe viko karibu sana na nyuzi 67 kaskazini vyote viwili, lakini Bodø iko pwani na wastani wake wa Januari haupungui sana chini ya sifuri, wakati Verkhoyansk, iliyofichika ndani ya bara kubwa kuliko yote, ilishuka hadi sentigredi 67.8 chini ya sifuri mwaka 1892, na Juni 2020 ikapanda hadi 38.

Kwa hiyo nilianza upya. Kazi hiyo ilinichukua miezi minane. Ngano ilitoweka na mahali pake pakaja nyasi fupi na watu wanaohama na mifugo. Mto nilioupenda ukapungua na kuwa mto wa theluji inayoyeyuka milimani. Mji mkuu nikauhamishia pwani ya mashariki. Ninajivunia ramani hiyo kuliko sura yoyote niliyowahi kuandika, kwa maana leo hakuna mto hata mmoja ndani yake nisioweza kueleza maji yake yametoka bahari gani.

Ushauri wangu basi ni mmoja: kila unapoligusa umbo la bara, ondoa mito, misitu na miji yote, kisha uchore upepo kwanza. Karibu na ikweta hewa hupanda na kunyesha. Karibu na nyuzi 30, kaskazini na kusini, hewa hiyo hushuka ikiwa kavu, na ndiyo sababu majangwa makubwa yamejipanga huko. Kati ya mikanda hiyo miwili pepo hutoka mashariki, na ukishaivuka nyuzi 30 kuelekea ncha, hutoka zaidi magharibi. Usiamini kwamba upande mkavu wa mlima ni uleule popote. Tazama Andes: kaskazini mwa Chile, jangwa la Atacama liko magharibi ya milima na misitu ya Amazon iko mashariki, lakini ukiteremka kusini zaidi mambo yanageuka, magharibi kunanyesha kwa wingi na mashariki, Patagonia, kuko katika kivuli cha mvua, yaani upande ambao milima huuzuilia mvua. Safu ni ileile, upepo ndio uliobadilika. Anayelisogeza bara lake kwa nyuzi 15 na kuyaacha majangwa yake mahali pake hajachora bara, amechora pambo.

Baada ya upepo, chora mikondo ya bahari, nayo pia huifuata pwani unayoikata. Pwani ya Namibia hupitiwa na mkondo baridi wa Benguela na ni jangwa, wakati pwani ya Msumbiji iliyo katika latitudo hizohizo huoshwa na maji ya moto na kupata mvua. Hata kipande kidogo cha ardhi chaweza kuigeuza mikondo hiyo: takriban miaka milioni 3 iliyopita shingo ya nchi ya Panama ilijifunga kati ya Pasifiki na Atlantiki, na maji ya moto yaliyokuwa yakipita hapo yakauongezea nguvu mkondo unaoelekea kaskazini. Ndugu mwandishi, usiseme kwamba wasomaji hawatajali. Alfred Wegener, aliyependekeza mwaka 1912 kwamba mabara husogea, alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, na miongoni mwa ushahidi wake ulikuwamo mkaa wa mawe wa mimea ya nchi zenye joto, uliokutwa mahali ambapo leo ni baridi kali. Ardhi huitunza kumbukumbu ya mvua yake, na msomaji makini huitafuta.

Sasa nirudi kwa aliyeniuliza. Nilimwambia asiijaze ghuba, bali aipitishie mdomoni shingo nyembamba ya ardhi, ili maji yabaki nyuma yake na mvuke uendelee kuzifikia tambarare. Nilimtahadharisha pia asiifunge kabisa, kwa kuwa Bahari ya Mediteranea ilipotenganishwa na Atlantiki karibu miaka milioni 6 iliyopita, ilikauka kwa sehemu kubwa na kuacha matabaka mazito ya chumvi. Aache mlangobahari mwembamba upande mmoja, kwenye kina kirefu, maji yapate kuingia. Jana amenijibu kwamba ameurudia mchoro wake, na kwamba jeshi lake litatembea siku tisa juu ya shingo hiyo, kisha livuke mlangobahari usiku, kwa mashua.